Mahindi Kwanza, Soya Baadaye: Hesabu ya Kupanda Msimu wa Machi

Mvua kubwa ya kwanza ilitunyeshea usiku, katikati ya Machi, nyumbani kwetu upande wa Kigumba, wilaya ya Kiryandongo, Uganda. Kabla jua halijachomoza Mama alikuwa ameshautoa mfuko wa mbegu nje. Kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye mwenye ng'ombe wa kulimia, alisimama uani akiangalia mawingu.

"Mama, tusubiri ya pili. Hii inaweza kuwa ya kudanganya."

"Ukisubiri ya pili, mwanangu, utavuna kwenye mvua ya Agosti. Mahindi utayaanika wapi?"

Walibishana hadi chai ikapoa. Mabishano haya nayajua tangu utotoni, na kwa miaka mingi nilidhani ni mambo ya tabia tu: Mama ana haraka, kaka ana woga. Siku hizi naona kila mmoja ameshika ncha moja ya kamba ileile. Kupanda mahindi na soya katika shamba la familia ni fundo la maamuzi kadhaa yaliyosokotana: maji ya udongoni, tarehe ya kuchanua, chakula kilichomo ardhini, uhai wa mbegu, foleni ya ng'ombe na pesa ya mfukoni. Ukivuta uzi mmoja peke yake, fundo linakaza. Nitajaribu kulifungua, nikikaa zaidi pale ambapo majirani huniuliza zaidi.

Tunachosubiri ni maji

Vijana wa Bweyale hunionyesha kwenye simu video za wakulima wa Iowa na Illinois, Marekani, wakipanda mazao haya haya mawili kwa trekta mwezi wa Aprili na Mei. Wale wanasubiri joto. Ardhi yao imetoka kwenye theluji, na mkulima huutia udongo kipimajoto mpaka ufike karibu nyuzi 10 za Selsiasi ndipo aanze mahindi. Ushauri wao mwingi ni mzuri, lakini saa yao haiwezi kuwa saa yetu. Udongo wa hapa haupoi kiasi cha kuzuia punje kuota. Sisi tunahesabu kwa maji.

Mvua inalifuata jua. Mwezi Machi jua la utosi linavuka ikweta kwenda kaskazini, na ule ukanda ambamo pepo za kaskazini na za kusini hukutana na kupaa juu hulifuata nyuma kwa wiki kadhaa. Ukitupitia, tunapata mvua. Unapoanza kurudi kusini, tunapata mvua tena. Waganda wana majina mazuri ya misimu hiyo: Toggo ni huu wa Machi, Ddumbi ni ule wa pili. Kadiri unavyokwenda kaskazini, pengo kati ya misimu huzibika, hadi unafika Karamoja ambako watu hupanda mara moja kwa mwaka. Sisi wa Kiryandongo na Masindi tuko katikati. Misimu tunayo miwili, lakini pengo la Juni na Julai ni fupi, na Agosti mvua huwa imesharudi. Wiki hizo chache za jua ziwekeni akilini, maana karibu kila kitu nitakachosema kinaishia hapo.

Mamlaka ya Taifa ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu kabla ya watu kuanza kupanda, nami huusikiliza redioni kwa makini. Ila mvua za Machi hadi Mei ni ngumu kutabirika kuliko zile za Septemba hadi Desemba. Zile za mwisho wa mwaka hufuata sana joto la Bahari ya Pasifiki na Bahari ya Hindi, ambalo wataalamu huliona likibadilika miezi kadhaa mapema. Hizi za kwanza hazina mtangulizi wa namna hiyo. Kwa hiyo utabiri utakuonyesha msimu unaelekea wapi, lakini kama mvua ya usiku wa leo ndiyo yenyewe, hilo utalijua kwa kulipima mwenyewe.

Kipimo ni kopo. Tafuta lenye pande zilizonyooka, liweke mahali pasipo na mti wala paa la karibu, asubuhi tumbukiza rula. Milimita moja ndani ya kopo ni sawa na lita moja juu ya kila mita ya mraba ya shamba. Milimita 25 kwenye ekari moja ni zaidi ya lita 100,000, yaani jerikani zaidi ya 5,000 za lita 20. Milimita 20 hadi 25 zikinyesha ndani ya siku chache, ndipo wataalamu wengi huhesabu kwamba msimu umeanza kweli, ilimradi zisifuatwe na ukame wa wiki moja au siku kumi. Sharti hilo la mwisho ndilo linalomkosesha kaka usingizi.

Yeye haamini kopo. Huchimba. Anapiga jembe mara tatu, anapeleka mkono chini, anachukua udongo wa kina cha kiganja na kuufinya. Ukishikamana kama donge la posho (ugali) na usimwagike vidole vinapofunguka, anaridhika. Ukivunjika vumbi, anafukia shimo na kwenda zake. Njia zote mbili zinajibu swali moja, maana udongo uliokauka tangu Desemba hunywa mvua ya kwanza juu juu. Unaweza kuona matope barabarani huku chini ya kina cha vidole vinne ardhi ingali kavu kama unga.

Mbegu iliyo kwenye udongo mkavu kabisa inaweza kulala siku kadhaa ikisubiri, ingawa mchwa na panya hawasubiri pamoja nayo. Mbegu iliyo kwenye udongo uliolowa barabara inaota. Msiba uko katikati: unyevu unaotosha kuiamsha punje lakini hautoshi kuilea. Punje inavimba, inatoa mzizi, jua linawaka siku nane, na huwezi kuirudisha kulala. Watu wanaopanda kwenye vumbi mwishoni mwa Februari wakitegemea mvua iwakute njiani nawaelewa, hasa wenye mashamba makubwa na ng'ombe wachache. Mimi siwashauri wafanye hivyo kwenye shamba lote. Robo ya shamba inatosha kucheza bahati.

Kuhesabu kuanzia mwisho

Hapa ndipo Mama ana haki yake. Tarehe ya kupanda mahindi haianzi Machi. Inaanzia kwenye siku mbili zilizo mbele: siku ndevu zinapotoka, na siku mahindi yanapoanikwa.

Mmea wa mahindi unaweza kuvumilia kiu ukiwa mdogo. Unakunja majani, unasinyaa mchana, jioni unafunguka. Lakini wiki mbili hivi kabla na baada ya mbelewele na ndevu kutokea, hauna uvumilivu wowote. Kila uzi wa ndevu umeunganishwa na punje moja. Uzi ukikauka au ukichelewa hadi chavua imekwisha, punje hiyo haitakuwepo, na mvua ya wiki inayofuata haiwezi kuirudisha. Yale mahindi yenye mapengo kama kinywa cha mzee, mara nyingi yalipata kiu siku hizo.

Chukua sasa mbegu ya siku kama 118, ambayo huchanua karibu na siku ya 60. Ukipanda tarehe 15 Machi, ndevu zinatoka katikati ya Mei, mvua ikiwa imetulia na kushiba. Mahindi yanakomaa karibu tarehe 11 Julai, na una wiki kadhaa za jua la kuanikia. Panda mbegu hiyohiyo tarehe 20 Aprili. Ndevu zinatoka tarehe 19 Juni, mvua zikiwa zinaaga, na mahindi yanakomaa katikati ya Agosti wakati mvua ya pili imeshafika. Siku 36 za kuchelewa zimeyapeleka maua kwenye kiangazi na mavuno kwenye mvua. Sijui mpango mbaya zaidi ya huo, na kila mwaka naona mtu mzima, mwenye nguvu na shamba zuri, akiingia humo kwa sababu tu alisubiri.

Kuanika si jambo la mwisho la kufikiriwa baadaye. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, na sumukuvu isizidi sehemu 10 kwa bilioni. Kuvu wanaotoa sumu hiyo hupenda punje yenye joto na unyevu, iliyorundikwa chini au kwenye gunia kabla haijakauka. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa ajili ya sumukuvu. Zuio lilipunguzwa ndani ya siku chache na kuwekewa masharti, lakini mkulima aliyekuwa na magunia dukani alishaonja kushuka kwa bei. Tunaanika kwenye turubali, sawa, na turubali ni lazima. Ila turubali halileti jua. Jua la Julai unalinunua Machi kwa kupanda mapema.

Anayejua amechelewa bado ana njia moja ya heshima: abadilishe mbegu. Zipo aina zinazokomaa mapema zaidi, Longe 4 ikiwemo, na wiki mbili zilizookolewa hapo ni nyingi. Atavuna kidogo kuliko aina ndefu ingeweza kutoa katika msimu mzuri, lakini hatavuna kuvu.

Chakula kinachotoroka

Kuna sababu nyingine ya kuwahi, na hii haionekani kwa macho. Wazee wetu waliijua kwa matokeo tu: shamba lililopandwa na mvua za kwanza hutoa mahindi ya kijani kibichi iliyokolea, na lililopandwa wiki tatu baadaye kwenye udongo uleule huwa na njano.

Mtafiti aliyeitwa Birch, akifanya kazi Muguga nchini Kenya, alilieleza jambo hili mwaka 1958, na hadi leo wanasayansi wa udongo huliita kwa jina lake. Kiangazi kinapoukausha udongo, vijidudu vingi hufa na mabaki ya mimea hubaki yakisubiri. Mvua ya kwanza ikigusa udongo huo, vijidudu vilivyosalia huamka kwa kishindo na kuyala mabaki hayo. Katika kula huko wanaachia naitrojeni nyingi kwa mpigo mmoja, kiasi ambacho udongo hautakitoa tena msimu huo. Harufu ile ya ardhi baada ya mvua ya kwanza ina mkono wa vijidudu hao hao.

Naitrojeni hiyo huyeyuka majini na husafiri nayo. Mvua zikizidi, huzama chini ya kina ambacho mizizi michanga inaweza kufika. Mahindi yaliyokwisha kuota hula sehemu yake njiani. Mahindi yaliyo bado ndani ya mfuko nyumbani hayapati kitu. Anayechelewa wiki tatu atalazimika kununua dukani chakula ambacho ardhi ilikuwa inakitoa bure.

Na hapo ndipo jibu la swali ninaloulizwa kuliko yote: kati ya mahindi na soya, nianze na lipi? Mahindi. Mahindi hayana namna ya kujitafutia naitrojeni. Soya anayo. Mahindi yanahitaji siku 115 hadi 120, soya nyingi za hapa hukomaa kwa siku 95 hadi 100 hivi. Kwa hiyo mwenye siku tano tu za ng'ombe azimalizie kwenye mahindi, na soya ifuate wiki mbili au tatu baadaye, mwanzoni mwa Aprili, bila hasara kubwa. Mkulima anayepanda soya kwanza kwa sababu bei yake ilikuwa nzuri mwaka jana amempa nafasi ya mbele mgeni aliyekuja na chakula chake.

Soya na wapishi wake

Chakula hicho cha soya kinapikwa na bakteria wanaoishi ndani ya vinundu vya mizizi. Wanachukua naitrojeni ya hewani, ambayo mmea hauwezi kuitumia, na kuigeuza kuwa mbolea. Mmea unawalipa kwa sukari. Ni ujirani mwema kabisa, lakini una sharti. Soya asili yake ni China, na bakteria wanaoelewana naye vizuri zaidi hawamo kwa wingi kwenye udongo wetu kama hujawahi kumpanda hapo. Kunde na karanga zina wapishi wa kienyeji. Soya mara nyingi inabidi umletee.

Wanaletwa kwenye pakiti ya unga mweusi unaoitwa inokulanti, ambao Chuo Kikuu cha Makerere kimekuwa kikitengeneza kwa miaka mingi. Unalowesha mbegu kidogo kwa maji yenye sukari ili unga unate, unachanganya kivulini hadi kila punje ipate koti jeusi, na unapanda siku hiyohiyo kwenye udongo wenye unyevu. Hawa ni viumbe hai. Jua linawaua. Dawa ya kuvu iliyopakwa kwenye mbegu inaweza kuwaua. Mbolea ya DAP ikigusana na mbegu yenye koti inawaunguza. Nimeona pakiti nzuri kabisa ikibebwa kwenye boda boda saa saba mchana, juu ya tenki, kwa safari ya saa nzima. Mwenyewe alilipa pesa ya bakteria akapanda unga.

Utajuaje kama wamekubali? Soya ikianza kuchanua, chimba mche mmoja taratibu, usiung'oe kwa nguvu maana vinundu vitabaki chini. Kata kinundu katikati. Kikiwa chekundu au waridi ndani, kazi inaendelea. Wekundu huo unatokana na kitu kilicho ndugu wa kile kinachoifanya damu yetu iwe nyekundu. Kikiwa cheupe, kijivu au kijani, hakifanyi kazi. Hapo unajua msimu ujao ulete inokulanti au ununue nyingine.

Soya ana udhaifu mwingine ambao mzoefu wa mahindi huukosea: kina cha shimo. Punje ya mahindi hubaki chini na kupeleka juu ncha moja kali kama msumari, na kiini cha ukuaji hukaa ndani ya udongo wiki kadhaa za mwanzo. Mdudu akikata jani, mahindi yanasukuma jingine. Ndiyo maana sentimita 5 si tatizo kwake. Soya hufanya kazi ya mbeba mizigo. Anajikunja kama kulabu na kuzivuta juu nusu mbili za punje yake mwenyewe, ambazo ndizo ghala lake, mpaka zitokeze kwenye mwanga. Ukimfukia kina cha mahindi, au mvua kali ikiufanya udongo wa juu kuwa ganda, shingo inakatika. Sentimita 3 hadi 4 zinamtosha. Na njiwa akikata shingo hiyo chini ya nusu zile mbili, mche umekufa, kwa kuwa hakuna jicho lolote lililobaki chini. Watoto wetu hulinda soya asubuhi na jioni kwa siku kumi za kwanza, na hiyo ni kazi halisi inayostahili shukrani.

Nafasi zake pia ni tofauti. Mahindi tunapanda sentimita 75 kati ya mistari na 60 kati ya mashimo, punje mbili kila shimo. Hiyo ni karibu mashimo 9,000 na miche 18,000 kwa ekari. Mfuko wa DAP wa kilo 50 ukigawanywa kwa mashimo hayo unatoa gramu tano na nusu hivi kila shimo, ndiyo maana watu hutumia kifuniko cha chupa ya soda kupimia. Weka, funika na udongo kidogo, kisha punje. Soya tunachora mistari ya sentimita 60 na kudondosha punje kila sentimita 5. Hapo ekari inaweza kubeba miche zaidi ya laki moja na kula kilo 20 hadi 25 za mbegu. Inaonekana ni msongamano, lakini soya akifunga majani mapema anaua magugu mwenyewe. Akipandwa mbali mbali kama mahindi, palizi haitaisha.

Wengi huuliza kama wanaweza kuvichanganya. Maharage chini ya mahindi tumezoea. Soya chini ya mahindi anakosa mwanga na kurefuka bila maganda. Mimi napendelea kila kimoja kiwe na kipande chake, kisha msimu unaofuata vibadilishane. Huko Busia, Tororo na Pallisa kubadilishana kuna faida ya ziada: mizizi ya soya huiamsha mbegu ya kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, ambacho wenyeji wanakiita kayongo, lakini kiduha hakiwezi kumnyonya soya, hivyo kinakufa kikiwa kimeshaota.

Uhai wa mbegu

Kutu ya soya, ugonjwa wa kuvu unaoshambulia majani, ilionekana Uganda mwaka 1996, na aina zilizokuwepo hazikuiweza. Majani yalikuwa yakipukutika kabla maganda hayajajaa. Kazi ya kuzalisha aina zenye ukinzani ilifanyika Makerere chini ya Profesa Phinehas Tukamuhabwa, na matunda yake ni familia ya Maksoy. Maksoy 3N, iliyotolewa mwaka 2010, imeenea sana vijijini kwetu. Nasema haya kwa sababu bado nakutana na watu wanaopanda soya ya gunia la sokoni bila kujua ni aina gani. Msimu wa mvua nyingi wanajifunza kwa machozi.

Mahindi ya Longe yalipata jina kutoka Namulonge, kituo cha utafiti kilicho kaskazini mwa Kampala. Longe 5, ambayo wakulima huiita Nalongo, yaani mama wa mapacha, ni mbegu ya uchavushaji huru: ukichagua mahindi mazuri katikati ya shamba unaweza kuirudia misimu michache. Chotara kama Longe 10H hairudiwi. Watoto wake hutawanyika, mmoja mrefu, mmoja mfupi, mmoja tasa, na mavuno hushuka. Soya hujichavusha mwenyewe, kwa hiyo mtoto hufanana na mzazi, na unaweza kutunza mbegu yako bila kuvunja ukoo.

Kutunza ndiko kugumu. Punje ya soya ina mafuta karibu asilimia 20, na mafuta hayo huharibika kwenye joto. Mbegu iliyovunwa Desemba na kukaa chini ya bati Januari, Februari na Machi inaweza kuonekana nzuri kabisa huku nusu yake imekufa. Na mbegu ya dukani nayo si ya kuaminiwa kwa macho. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliofanywa hapa Uganda, ulikuta mbolea ya urea iliyouzwa madukani ilipungukiwa naitrojeni kwa karibu asilimia 30. Mahindi yaliyouzwa kama chotara yalizaa kana kwamba chini ya nusu ya punje ndizo zilikuwa halisi. Sehemu ya tatizo ni udanganyifu, sehemu nyingine ni mbegu nzuri iliyokaa vibaya ghalani. Kwako wewe mwenye shimo tupu hakuna tofauti.

Basi jaribu kabla. Hesabu punje 100, zikunje kwenye kitambaa kilicholowa, weka kivulini, nyunyizia kila siku, na siku ya saba hesabu zilizoota vizuri. Zikifika 85 au 90, panda kama kawaida. Zikiwa 70, ongeza mbegu. Zikiwa chini ya 50, usipande, irudishe ulikoitoa ikiwezekana, na kama ni soya yako ya nyumbani, ipike. Jaribio hili halina gharama, na lifanyike Februari, wakati bado kuna muda wa kutafuta nyingine. Kulifanya siku ya mvua ni kujiumiza moyo bure.

Februari, mwezi wenye njaa ya pesa

Ningependa kuandika kwamba mtu akijua haya yote atapanda kwa wakati. Haiko hivyo. Muhula wa kwanza wa shule unaanza Februari, na karo inazoa kilichobaki cha mavuno ya Desemba. Mwezi huohuo ndio wa kununua mbegu na DAP, kulipa wa kulima mara ya kwanza na kurudia mara ya pili. Mvua ikinyesha, kila mwenye shamba anamtaka yuleyule mwenye jozi ya ng'ombe siku ileile. Ng'ombe wenyewe wametoka kiangazini wamekonda. Wengi wanaoitwa wavivu walikuwa namba kumi na mbili kwenye foleni.

Kinachosaidia ni kuuondoa mzigo mmoja Machi. Kulima kwa mara ya kwanza kunaweza kufanyika mwishoni mwa msimu wa pili, udongo ukiwa bado laini, ng'ombe wakiwa na nguvu na bei ikiwa ya chini. Kikundi cha akiba kinachogawana Desemba kinaweza kukubaliana sehemu ya mgao itolewe kama mbegu. Na kama pesa inatosha ekari moja iliyo na mbolea na palizi mbili, usilime tatu. Viwavijeshi vamizi, waliothibitishwa Uganda mwaka 2017, hupenda sana shamba lililochelewa ambalo mwenyewe hana muda wa kulikagua, kwa sababu nondo wameshazaliana kwenye mashamba ya waliotangulia.

Asubuhi ile ya mabishano kaka alichimba. Unyevu ulikuwa umefika kina cha vidole vitatu tu, na kopo lilisema milimita 11. Mama aliangalia, akaufunga mfuko. Siku ya nne ikanyesha tena, milimita 17 safari hii, na saa moja asubuhi kamba ilikuwa imeshavutwa shambani. Mahindi tulimaliza kwa siku tatu. Soya tulipanda wiki ya kwanza ya Aprili, nusu ekari pekee, ingawa majirani walishangaa kwa nini hatukuongeza.

Hesabu yake ni hii. Mahindi ya Machi na soya ya mwanzo wa Aprili hukomaa wiki ileile ya Julai, na mikono ya nyumbani ni ileile. Soya haisubiri, maganda yakikauka hupasuka na kumwaga punje chini, kwa hiyo tunaikata kwanza, asubuhi umande ukiwa bado juu, na mahindi yanasimama siku chache zaidi. Nusu ekari tunaiweza hivyo, ekari mbili hatuziwezi. Mbegu itakayotoka hapo itakuwa na umri wa mwezi mmoja tu Agosti itakapofika, haijaonja joto la bati, na kilo 50 zinatosha ekari mbili. Hizo ndizo tutakazozipanda kwenye mabua ya mahindi ya msimu huu, zivunwe mwanzoni mwa Desemba kiangazi kikiwa kimeanza. Turubali tumeshalishona lilipopasuka.